Egemeo Linaloponya Bega na Kupasua Kitako

Kwa nyati, wawindaji wetu huanzia bunduki ya .375. Risasi yake ya gramu 19 hivi hutoka kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, na bunduki ya kilo 4.2 hurudi nyuma kwa karibu mita 5.1 kwa sekunde. Teke hilo likirudiwa mezani wakati wa kurekebisha darubini, bega huvimba. Ndiyo maana watu hununua egemeo la chuma lenye kikuta cha kuzuia kitako na trei ya kupakia vyuma vizito. Bega linapona, lakini mbao inaumia.

Chuma cha bunduki huisukuma mbao kwa jino fupi lililo chini yake. Bega likipokea, mwili huyumba na kitako huenda nao. Kuli wa Kariakoo anayetwishwa gunia la mchele analijua jambo hili: ngata hubonyea, magoti hulegea kidogo, shingo husalimika. Egemeo lililoshindiliwa uzito halina magoti. Nishati ya teke ni takriban jouli 54. Ikizimwa ndani ya sentimita 5, nguvu ya wastani ni kama nyutoni 1,100. Ikizimwa ndani ya sentimita 1, inafika 5,400, yaani zaidi ya uzito wa nusu tani. Mzigo huo wote unapita kwenye shingo ya kitako, pale mbao ilipochongwa nyembamba ili kiganja kishike.

Tena haupiti kwa mstari ulionyooka. Kitako kiko chini ya usawa wa mtutu, kwa hiyo shingo inakunjwa pia. Nyuzi za mbao zikiwa zimekatiza shingo kwa mshazari, ufa unazifuata. Na jino lisipokaa sawasawa, mkia wa chuma, yaani ncha yake ya nyuma, ndio unaobeba teke, nao unageuka kabari. Winchester, walioleta risasi ya .458 mwaka 1956, waliimarisha mbao za bunduki zao za risasi hiyo kwa bolti za kupita ubavuni.

Kwa maoni yangu kosa si egemeo, ni uzito. Acha trei ikiwa tupu, egemeo liteleze juu ya meza, na kati ya kikuta na kitako weka sponji nene. Maduka ya Kariakoo na Gerezani hayakosi sponji. Viroba vya mchanga chini ya mbao, na bega lako nyuma yake, ni salama zaidi kwa bunduki.

Ufa ukishatokea, gundi ya kupaka juu haifai kitu. Mafuta yaliyonywewa na mbao yatolewe kwanza, epoksi ipenye hadi ndani, kisha pini ivuke shingo, na jino litengenezewe kikao kipya. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Mwenye bunduki akague mapema: baada ya kila zamu mezani, aangalie kwa tochi nyuma ya mkia wa chuma, kwani ufa huanzia hapo ukiwa mwembamba kiasi cha kudhaniwa ni mstari wa mbao.