Pale Jembe Linapokwepa

Mwalimu hasomi daftari la ubatizo kwa kuanzia kwenye jina. Anaanzia pembeni, kwenye ule mwanya mwembamba ambao wengine huuruka, kidole kikiteremka polepole na midomo ikitembea bila sauti. Nilikaa naye katika ofisi ya parokia moja kongwe ya Karagwe, yeye Mlutheri aliyebatizwa akiwa mchanga, akimtafuta binti wa mwinjilisti mmoja wa zamani katika vitabu vya Wakatoliki. Katibu wa parokia alimtazama kwa mshangao wa heshima. Binti huyo alilelewa katika nyumba ya mhubiri wa Kilutheri kule Nyaishozi, angefikaje humu? Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, alimwomba tu asogeze dirisha, mwanga uingie. Alasiri kidole kikasimama.

Tangu Pasaka ya 1908, ilipoanza kutumika amri ya Roma iitwayo Ne Temere, padri anayefungisha ndoa hupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa mwanandoa, na huko huandikwa kando ya jina lake: ameoa nani, wapi, tarehe gani. Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, walikuwa watu wa kalamu. Kila kituo chao kilikuwa na shajara ya kila siku, na vitabu vya sakramenti vilijazwa kwa Kilatini cha kukatakata hata pale wino ulipokuwa haba. Basi kijana Mkatoliki aliyemwoa binti wa mwinjilisti alikuwa amembeba mkewe pembeni mwa ubatizo wake miaka yote hiyo. Jina la binti lilikuwapo, na la baba yake, na neno Nyaishozi. Katika ukoo ilisemwa, na vitukuu wakarithi kusema, kwamba alikufa angali msichana. Hakufa. Aliolewa upande wa pili, nyumba ikanyamaza juu yake, na ukimya ule ukageuka kifo.

Mwalimu alifunga daftari kwa mikono miwili, akamshukuru katibu, kisha akakaa kitambo bila kusema. Nami sikuthubutu kumsemesha.

Kazi yake haina cheo wala mshahara. Watu wa Nyaishozi humwendea wanapogombana juu ya mpaka, na vijana wanaotaka kuoana huletwa kwake na mama zao kuhakikisha kwamba hawachangii damu. Wako pia wanaomfuata kwa ajili ya wahubiri wa mwanzo, wale waliotoka Buhaya wakavuka mapori kuingia Karagwe wakiwa na Agano Jipya na blanketi. Familia zao sasa zimetawanyika mpaka Dar es Salaam na Kampala, na zinataka kujua zilianzia wapi. Yeye huwatafutia. Wakimwuliza atalipwa nini, huomba nauli.

Wafalme hawana shida hii ya kutafutwa. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861 aliandika habari za ikulu, za ng'ombe na za wake wa watawala, na karne moja baadaye Israel Katoke, msomi wa kwetu, akazipanga enzi za Wahinda, ukoo wa kifalme, katika kitabu chake cha historia ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975. Mtu akitaka kujua nani alimrithi nani pale ikulu ya Bweranyange, ana pa kushika. Wamisionari nao wana barua zao, zimetunzwa Ujerumani katika makabati yasiyopenya unyevu. Baina ya mfalme na mmisionari alikuwapo mtu wa tatu, aliyetembea kwa miguu, akafundisha herufi chini ya mti, akazika watoto wa wenzake na wake mwenyewe. Huyu ndiye aliyepotea.

Hakupotea kwa kuwa mdogo. Kabla Wajerumani wa misheni ya Bethel hawajafika Bukoba mwaka 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kulipata Neno kutoka Buganda, wakilisoma kwa Kiganda. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, waumini hao hawakufunga milango. Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa Bukoba kabla ya Josiah Kibira kupokea kiti mwaka 1964, alijitahidi kuyakusanya majina yao katika kitabu chake Bara Bukoba. Lakini kitabu kina kurasa zake, na Karagwe ilikuwa mbali na Ziwa Viktoria.

Sababu ya kupotea kwao niliipata kwa Mwalimu, nayo ni nyepesi mpaka inauma. Mhubiri hakuwa na kibanja, shamba lake la migomba. Hapa kwetu mtu hukumbukwa na migomba yake. Huzaliwa kibanjani, huzikwa kibanjani, na mwanawe analima akijua kisigino chake kinapita kando ya nani. Mwinjilisti aliishi kwenye ardhi ya kanisa, katika nyumba ya kanisa, na baada ya miaka michache akahamishiwa kilima kingine. Aliacha mtoto mmoja kaburini hapa, mke kule, yeye mwenyewe akaishia pengine. Migomba aliyoipanda ililiwa na aliyemfuata. Ndiyo maana Mwalimu hatafuti mali yake. Humtafuta kwenye kingo za mali za wengine.

Karatasi za ardhi huzisoma vivyo hivyo. Nimemwona akipokea hati ya mauzo ya zamani, kipande cha daftari la shule kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka, na macho yake hayakwenda kwa muuzaji wala mnunuzi. Yalikwenda kwenye majirani: mashariki imepakana na fulani, kusini na njia ya kisimani, magharibi na nyumba ya mwinjilisti. Hapo akauliza mwaka. Kisha akashuka kwenye mashahidi na alama zao za dole gumba, maana mhubiri ndiye aliyejua kuandika, na mara nyingi mwandiko wa hati nzima ni wake ingawa jina lake halimo. Mwalimu ameshaujua mwandiko wa mwinjilisti wetu, baba wa yule binti. Herufi ya r yake ina mkia unaorudi nyuma. Kwa mkia huo amemfuata katika hati za vilima vitatu, na kwa kulinganisha tarehe amejua alihamia wapi kwanza, wapi baadaye.

Stakabadhi za kahawa nazo husema. Mzee aliyepeleka kahawa kwenye chama cha msingi kwa jina lake msimu hata msimu, ghafla mkulima ni mwanawe. Hapo unajua takriban lini aliondoka duniani. Mafaili ya mahakama za mwanzo yana utajiri kuliko yote, kwa sababu mtu anayegombania kibanja hulazimika kuwataja wazee wake mbele ya watu wanaoweza kumkanusha. Sheria za kimila za Wahaya, zilizoandikwa na Cory na Hartnoll mwaka 1945, ziliupa ukoo nguvu ya kudai ardhi iliyouzwa nje. Kwa hiyo kila mauzo yaliweza kuzaa kesi, na kila kesi ilizaa orodha ya babu. Wanawake ambao nyimbo za nasaba huwapita wamo humo, wakidai au wakidaiwa. Hata ile hukumu ya Jaji Mwalusanya ya 1990, iliyompa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, chini ya hoja zake za katiba kuna familia moja, baba na wosia wake, binti na mpwa wake. Wanasheria huisoma kwa ajili ya haki. Mwalimu huisoma pia kwa ajili ya familia.

Anayekuja na jina la ukoo mkononi, kama fomu za leo zinavyotaka, atatoka mikono mitupu. Zamani kila mtoto alipewa jina lake. Watoto watano wa mwinjilisti yule wana majina matano ya nyumbani, na juu yake yale ya ubatizo, Petro na Eliya na mengineyo yaliyojaa katika kila daftari. Mwalimu huuliza swali moja ambalo ubatizo haukulifuta: kwenu hamli nini? Mzee wa Kinyambo, mwenyeji wa Karagwe, anaweza kusahau jina la babu wa baba yake, lakini muziro, mwiko wa ukoo, hausahau. Nyumba mbili zisizojuana, moja Nkwenda na moja Kihanga, zikisema zinakwepa kitu kilekile, Mwalimu huchomoa kalamu.

Makaburi ndiyo yaliyonifanya niandike. Katika migomba kaburi la kale halina jiwe. Udongo umeshuka kidogo, matandazo ya majani makavu yamelifunika, na mgeni atalikanyaga asijue. Mwalimu huingia kibanjani na bibi mwenye nyumba, wanasalimiana kwa kirefu, anaulizia kahawa, anaulizia wajukuu. Halafu anamwomba alime kidogo kama anavyolima siku zote. Anamtazama. Jembe likifika mahali fulani hupanda, hukwepa, hushuka mbele. Njia ya miguu nayo hupinda pale pasipo na jiwe wala kisiki. Bibi mwenyewe hajui kwa nini. Mama mkwe wake alilima hivyo. “Mama, hapa kuna nani?” Mwalimu huuliza taratibu. Wakati mwingine bibi husimama, akashika kiuno, na jina likaja kutoka mbali. Nimeliona jina likija namna hiyo. Lilikuwa la mtoto wa mwinjilisti, aliyefariki kwa homa baba akiwa safarini, akazikwa na majirani kwenye kibanja chao kwa kuwa baba hakuwa na chake. Majirani hao wameulima ukingo wa kaburi lile kwa vizazi vitatu bila kuligusa. Ukarimu wa namna hii nitaufananisha na nini?

Nje ya mipaka yetu yuko mhubiri ambaye kaburi lake halina shaka. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Mboga, Kongo, mwaka 1896, alifariki huko 30 Mei 1933. Kinyume na desturi aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, ili hata akiwa amelala aelekee kule alikotaka Injili iende. Hakuacha mtoto, lakini mahujaji wanajua pa kusimama. Mwinjilisti wetu aliacha watoto watano na wajukuu wasiohesabika, na hakuna anayeweza kusimama kwake. Alizikwa kando ya kanisa dogo la nyasi. Kanisa la nyasi likafuatwa na la tofali, la tofali likaongezwa urefu, na hakuna aliyeuliza kabla ya kumwaga zege. Mwalimu anaamini yuko chini ya sakafu, upande wa wanaume. Ninapokumbuka kwamba katika sherehe za miaka mingi ya kanisa tulisoma kwa sauti majina ya Wazungu, tena kwa kuyatamka vizuri, najisikia vibaya kwa ajili yetu sote.

Tunaharibu kwa nia njema, na hilo ndilo linalonisikitisha. Ndugu wakipata fedha huja kutoka mjini wakajenga makaburi ya vigae, meupe na yenye kung'aa, juu ya yale waliyoyakuta, na mawe matatu yaliyokuwa alama ya wazee hutupwa kwenye msingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imetupa hati ya hakimiliki ya kimila, nami siipingi, imewaokoa wajane wengi. Lakini hati ile humtaja aliye hai, na ramani yake ikishapimwa watu huona hakuna haja ya miramura, ile mimea iliyopandwa mpakani na babu zao. Hukatwa. Mramura ulikuwa shahidi, na wazee walijua nani alipanda upi. Halafu likaja tetemeko la ardhi la 10 Septemba 2016. Tulihesabu marehemu, tukahesabu nyumba, ikawa sawa kufanya hivyo. Masanduku ya bati yaliyokuwa chini ya vitanda katika nyumba za tope, yenye stakabadhi, vyeti vya ubatizo na hati zilizokunjwa mara nne, hakuna aliyeyahesabu. Mvua za vuli zilifuata.

Vijana humwambia Mwalimu wataweka kila kitu kwenye simu. Huwaruhusu wapige picha, huwanyooshea hata ukurasa. Lakini picha ya daftari haijui kuketi na bibi mpaka akumbuke, na ufundi huu asilimia kubwa ni kuketi. Kijana hupiga picha ya jina alilolijia, akaondoka.

Kati ya watoto watano wa mwinjilisti, Mwalimu amewapata wanne: yule wa homa, yule binti wa pembeni mwa daftari, mmoja aliyekwenda Buganda kwa kibarua akafia huko, na mmoja ambaye ukoo wake bado uko Nyaishozi. Wa tano anaamini alihamia Kyerwa, kabla haijawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012, na kwamba ndoa yake imeandikwa katika daftari la usharika mmoja wa huko. Daftari lipo, amemwuliza mchungaji kwa simu. Magoti yake hayastahimili tena safari ya pikipiki. Mjukuu aliyemwahidi kwenda kwa niaba yake yuko Mwanza, anatafuta kazi.