Mkono Unaojua Kuacha

Daktari wa upasuaji husifiwa kwa alichokitoa. Uvimbe ukionyeshwa kwenye sahani, ndugu wa mgonjwa hupumua. Lakini katika upasuaji wa tezi za shingo kwa wenye saratani ya mdomo au koo, sifa hiyo ni nusu tu ya haki yake. Fundi wa kazi hii hupimwa kwa mambo mawili yanayoonekana kupingana: kutoa tezi ambazo bado hazijavimba, na kuacha neva inayopita katikati yake. Mwili una tezi za limfu zipatazo 800, na karibu 300 zimo shingoni. Saratani ya ulimi inapoanza kusambaa, hapo ndipo hufikia kwanza.

Mwaka 1906 George Crile wa Cleveland, Marekani, alichapisha taarifa iliyotokana na upasuaji 132 wa saratani za kichwa na shingo, akipendekeza tezi za upande mzima wa shingo zitolewe pamoja kwa mkupuo. Mwaka 1951 Hayes Martin wa New York alisisitiza kwamba msuli mkubwa wa shingo, mshipa wa jugula na neva ya bega navyo viondoke. Wengi walinusurika, ila bega lilishuka na mkono ukagoma kupanda juu ya kichwa. Mwaka 1963 Osvaldo Suárez wa Argentina alieleza kwamba tezi zimefungwa ndani ya tabaka za utando. Ukibanduliwa kwa ustadi, tezi hutoka na vyote vitatu hubaki. Ndiyo maana daktari makini huitafuta kwanza neva hiyo, nyembamba kama uzi, inapochomoza nyuma ya msuli. Huifuata kwa mkasi butu, akiinua mafuta na tezi bila kuivuta. Kabla ya kushona upande wa kushoto, humwomba mtaalamu wa usingizi ajaze hewa mapafuni, kisha yeye mwenyewe hukagua juu ya mtulinga: majimaji meupe yakichuruzika, mfereji wa limfu umetoboka, na hufungwa papo hapo.

Kwetu Walungu, Kivu Kusini, nchini Kongo, kuiokoa neva hiyo si urembo. Mama anayelima muhogo kwa jembe na kubeba mzigo mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso hutegemea misuli ya shingo na bega kulisha nyumba. Saratani ikiing'ang'ania neva, neva haina budi kukatwa; isipoguswa, kuikata ni kumponya mtu na kumnyang'anya riziki yake.

Wapo watakaouliza: kwa nini kupasua shingo isiyo na uvimbe? Si heri kusubiri? Mwaka 2015 Anil D'Cruz na wenzake wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walijibu kwa ushahidi. Kwa wenye saratani changa ya mdomo, asilimia 80 ya waliotolewa tezi mapema walikuwa hai baada ya miaka 3, dhidi ya 67.5 ya waliosubiri mpaka tezi zijitokeze. Na hao waliosubiri walikuwa wakifuatiliwa kwa karibu. Kusubiri kunadai nauli, usalama na barabara inayopitika hadi jijini Bukavu, na mkulima hana hakika ya hata kimoja. Wengine watasema kisu bila mionzi ni kazi bure. Ni kweli saratani iliyopasua ganda la tezi huhitaji mionzi, na kuifuata kutoka Kivu Kusini ni safari ndefu. Hiyo ni sababu ya kufanya upasuaji wa kwanza vizuri zaidi, si ya kuuacha. Onyo lililo zito ni jingine: uvimbe wa shingo huku kwetu mara nyingi huwa kifua kikuu cha tezi, basi sindano ya kuchukua sampuli itangulie kisu.

Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 3 kipelekwe hospitali. Na wanaofundisha vijana upasuaji Bukavu wawapime kwa maswali mawili: tezi ngapi zimefika maabara, na mgonjwa anainua mkono wake mpaka wapi?