Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Nyumbani

Istilahi nyingi zikikosewa huzusha ubishi darasani tu. Istilahi za umeme wa nyumbani zikikosewa huweza kuleta msiba. Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230, na aliyeshika waya hapati nafasi ya kuuliza onyo lilikuwa na maana gani. Kwa hiyo yatupasa kuyapima maneno haya kwa kipimo kimoja: je, yanauongoza mkono wa msomaji kutenda lililo salama?

Tunachukua Bagamoyo kuwa mfano. Mjini humo zimo nyumba za mawe na chokaa zilizojengwa kabla ya umeme kufika, na zimo nyumba mpya za matofali zinazoenea kuelekea Zinga na Kerege. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula viungo vya nyaya, na paa la makuti hushika moto kwa cheche ndogo. Mahali kama hapo fundi, mwenye nyumba na mwandishi wa matangazo hawana budi kuelewana.

Tuanze na neno shoti. Kwa wazee wa pwani, anayepiga shoti ni farasi. Kwa mafundi, shoti ni nyaya mbili kugusana mahali pasipotakiwa. Kwa watu wengi, "kupigwa shoti" ni kudhurika kwa umeme mwilini. Taarifa isemayo "ajali ilisababishwa na shoti" haielezi, basi, kama kilichodhurika ni nyumba au mtu. Baadhi ya waandishi hukimbilia "hitilafu ya umeme", lakini hilo ni pana mno: kiungo kilicholegea, waya uliozidiwa na mzigo na nyaya zilizogusana vyote huitwa hitilafu, ilhali dawa ya kila kimoja ni mbali. Tunapendekeza shoti libaki kwa nyaya zilizogusana tu. Kwa madhara ya mwilini, lugha yetu ina hazina bora: kupigwa, kurushwa na kunaswa na umeme. Kunaswa ni neno lenye elimu ndani yake, kwani umeme huikaza misuli hata mtu ashindwe kuachia. Mwalimu akilieleza vizuri, mwanafunzi atafahamu kwa nini aliyenaswa hashikwi kwa mikono mitupu kabla umeme haujakatwa.

Neno la pili ni ethi. Wapo wanaopendelea "waya wa ardhi" kwa kuwa ni Kiswahili. Hatulikatai, ila tunaona kasoro yake: msomaji aweza kudhani ni waya uliofukiwa ardhini. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba maneno yote mawili hayataji kazi ya waya huo, ambayo ni kuupa umeme uliovuja njia ya kupita ili fyuzi ikate, badala ya kungoja mkono wa mtu. Kwa kutojulikana kazi hiyo, tundu la juu la soketi ya matundu matatu limekuwa mlango wa kufunguliwa kwa kijiti au kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Atakayeandika maelezo na aandike "waya wa usalama (ethi)", kisha aeleze kazi yake kwa sentensi moja.

La tatu ni vitenzi kuzima na kukata. Maelekezo mengi husema "zima kabla ya kufungua". Kuzima, kwa asili, ni kwa moto na taa. Taa isipowaka, msomaji huamini umeme haupo. Lakini swichi ikiwa imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wenye moto, taa itazimika na holda itabaki na umeme kamili. Kukata nako humkumbusha mwananchi deni lisilolipwa. Lililo wazi ni "zima swichi kuu" na "chomoa plagi": kila moja lataja kitu kinachoshikwa. Hapohapo tunaliona neno "waya hai", linalozaliwa na tafsiri ya neno kwa neno, kuwa halina faida. Watu husema "waya wenye moto", na hilo tayari ni onyo.

La nne ni rangi. Nyaya za zamani za mtindo wa Kiingereza zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Mtindo mpya, ambao Uingereza iliuingiza katika nyaya za majengo mwaka 2004, una kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. Nao weusi sasa waweza kuwa waya wenye moto katika umeme wa njia tatu. Tukumbuke pia kwamba rangi zenye asili katika sarufi yetu ni -eupe, -eusi na -ekundu, na kwamba udongo wa kahawia wengi huuita mwekundu. Mtafsiri asitaje rangi peke yake. Ataje rangi pamoja na kazi ya waya.

Mwisho, fyuzi. Neno limekwisha zoeleka na lisibadilishwe. Lisitafsiriwe "kinga ya umeme", maana fyuzi hulinda waya usiungue, si mtu. Fyuzi ya ampea 13 hupitisha umeme zaidi ya mara 400 ya miliampea 30, kiwango ambacho vifaa vya kumlinda mtu hukatia.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifisha istilahi. Tunashauri kwamba orodha ya maneno ya umeme isipitishwe mezani kabla ya kusomwa mbele ya mafundi na akina mama wenye majiko na pasi. Neno watakalolielewa bila kufafanuliwa ndilo lipewe muhuri.