Mafunzo ya Kuflashi Karte Grafike: Yanafundisha Kwenda, Hayafundishi Kurudi



Leo sichambui kitabu wala filme. Ninachambua aina moja ya mafunzo ambayo wengi wetu tunayaangalia kuliko vitabu: video na maandishi yanayoonyesha namna ya kubadilisha programu ya ndani ya karte grafike ya laptopu, ile inaitwa vBIOS, ili mashini ikimbie zaidi au ikubali karte iliyotoka mashini nyingine. Tunachambua memware ya mutu mbele ya jury: inasema nini, inanyamazia nini. Basi na haya tuyafanyie vile, kwa sababu kile yanachonyamazia kuna mutu anakilipa, na mara nyingi huyo mutu ni mmoja wetu.

Nianze na sifa, maana ziko. Wengi tumepata dipolome ya informatiki bila kufungua laptopu hata moja kwa bisibisi. Ni haya mafunzo njo yalituonyesha kwamba vBIOS ni faili ya kweli, imekaa mu chipu ndogo ya miguu nane, na ndani yake kumeandikwa volti, mwendo wa saa za karte, mpaka wa joto, hata namna ya kuongea na ekrani. Yalituonyesha tena kwamba mipaka mingine inawekwa na mtengenezaji, si chipu yenyewe. Mwanzo wa 2015 NVIDIA ilifunga kwa njia ya pilote (wengine wanasema draiva) uwezo wa kuongeza mwendo wa karte za laptopu za GTX 900M. Watu wakapiga kelele, ikafungua tena. Kwa karte za rika hilo, kama GTX 970M na 980M, mutu anaweza kufungua faili kwa Maxwell BIOS Tweaker, abadilishe, airudishe kwa nvflash, na karte itafanya kazi. Si uongo. Nimeona kwa macho.

Lakini angalia yanamalizikia wapi. Yote yanamalizikia pahali pamoja: mashini inajizima, inawaka, nambari imepanda, muziki. Ile mashini ambayo imewaka na ekrani nyeusi haiko mu filme. Ukibahatika utapata mstari mmoja: kama imeshindikana, rudisha faili ya asili. Faili gani? Umeiweka wapi? Na utairudisha namna gani wakati huoni kitu?

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, na mutu asiyejua hawezi kuiona. Mafunzo mengi yalizaliwa ku ordinateri za mezani. Kule karte unaichomoa, unaweka nyingine, unapata picha, unatengeneza ile mbaya pole pole. Karte zingine za mezani ziko hata na kiswichi cha kuchagua kati ya vBIOS mbili. Laptopu haina hiyo starehe. Mu laptopu nyingi karte imechomewa ku plake, na haina chipu yake ya kuwekea vBIOS: vBIOS inaishi ndani ya BIOS kubwa ya mashini. Kuigusa ni kugusa mashini nzima. Ikiharibika si karte tu inayonyamaza, mashini yote haiamki. Tena, kuanzia Intel ya kizazi cha 4, mwaka 2013, kuna mashini zenye Boot Guard, ambazo zinaweza kukataa kuwaka kama sehemu inayolindwa ya BIOS imebadilishwa. Funzo ambalo halisemi tangu dakika ya kwanza ni laptopu ya namna gani linaongelea, ni kama dawa isiyosema ni ya mtoto ao ya mukubwa.

Zinazobaki ni zile mashini nzito za kazi, kama Dell Precision na HP ZBook za miaka ile, zenye karte ya MXM inayochomoka na yenye chipu yake. Hizo zinatufikia sana kama occasion, na wachoraji wa plan na watu wa montage ya video wanazipenda. Njo hapo kuflashi kunawezekana kweli, na njo hapo shida ni nyingi.

Sasa shida yenyewe. Umeflashi, Windows imewaka, lakini mu orodha ya vifaa karte iko na alama ya njano na kodi 43. Ujumbe wake unasema tu kwamba Windows imesimamisha kifaa kwa sababu kimetoa habari ya matatizo. Basi! Kodi 43 ni kama "malaria" ya dispansere ya mtaa: homa yote ni malaria. Nyuma yake kunaweza kuwa magonjwa manne yasiyofanana. Inaweza kuwa pilote imekataa saini ya faili: karte za AMD za Polaris, zilizotoka 2016, zikipewa vBIOS iliyobadilishwa zinaendelea kuishi, lakini pilote ya Windows inazikataa mpaka ipachwe kiraka. Inaweza kuwa vBIOS si ya karte ile. Inaweza kuwa volti na mwendo vilivyoandikwa havibebeki. Ao chipu imekufa kweli. Yule mufundi wa video anakwambia "tafuta pilote nyingine", na unapoteza siku tatu na megabaiti zote za forfait.

Kodi zingine zinasema wazi zaidi, na hazisomwi vizuri. Kodi 52 inaongea juu ya saini ya pilote, si ya karte. Hiyo inakuja sana wakati mutu amebadilisha faili ya INF ili pilote ikubali karte yenye kitambulisho cha mtengenezaji mwingine, Dell ikiwa 1028 na HP 103c. Kodi 12 inaongelea nafasi ya rasilimali mu mashini. Kuchoma chipu juu ya kodi 52 ni kupasua mutu tumbo kwa sababu karte yake ya elekta imepotea.

Lakini tunachoma. Na hapa lazima nichambue atelie zetu pia, si video peke yake. Karte ikinyamaza, wadepaneri wengi wanafikia mashini ya hewa ya moto mbele ya kufikia kibodi. Hiyo desturi iko na historia, haikutoka ku upumbavu. Mwezi wa 7 mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 juu ya chipu za laptopu zilizotengenezwa kwa mata dhaifu. Chipu zile zilikuwa zinaachana ndani, kwenye nukta ndogo zinazoshikanisha silisiyo na kibao chake. Ukizipasha moto, zilishika tena siku kadhaa, ao majuma, kisha zinakufa upya. Kizazi kizima cha wadepaneri kilijifunza kwamba moto unaamsha karte. Tangu hapo moto umekuwa jibu, hata kwa swali la faili.

Kuna dada mmoja mwenye dipolome ya architecture, mashini yake ya MXM ilikuwa imeflashiwa na muuzaji ili karte ikubaliwe ndani. Siku moja aliweka upya Windows, ikaja kodi 43. Akaipeleka atelie moja ya mjini. Wakamwambia chipu imekufa, wakaichoma, wakachukua franga. Ilipofika ku meza yangu, karte haikuonekana tena mu orodha hata kama kifaa kisichojulikana. Tuliiweka mu mashini nyingine: kimya. Chipu ya miguu nane tuliisoma, faili ilikuwa pale, nzima. Ile siku karte ilikuwa imekufa kweli, na hakuna mutu duniani anayeweza kusema kama ilikuwa imekufa mbele ya moto ao baada yake. Plan za mteja wake alizimalizia usiku, ku mashini ya kuazima, kwa grafike ya Intel.

Njo maana ninasema kwamba baada ya kuflashi, uchunguzi unaanza ku faili, hauanzi ku chipu. Kilichobadilika mwisho njo mshukiwa wa kwanza. Na kumuhoji mshukiwa huyo haiombi vyombo vya bei. Kle USB yenye Linux inatosha kwa kuanza. Unawasha mashini nayo, unaandika lspci -nn, unatafuta mstari wa karte: 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. Karte ikijitaja pale kwa kitambulisho chake, chipu ingali inajibu ku bus. Weka hewa ya moto chini. Kama ni Polaris, pilote ya amdgpu ya Linux haiulizi ile saini ambayo Windows inaulizia, kwa hiyo karte ikifanya kazi Linux na ikakataa Windows, ugonjwa umeupata bila kufungua hata vis moja. Kama haionekani kabisa, hapo ndipo unafungua.

Ekrani nyeusi nayo isikuogopeshe mbio. Ukiweka vBIOS ya mtengenezaji mwingine, inaweza kukosa kuelewana na ekrani ya laptopu, moja ikitumia LVDS na nyingine eDP, wakati HDMI ya inje inatoa picha vizuri kabisa. Nimeona mashini iliyotupwa pembeni kama maiti, kumbe ilitaka tu kebo ya televizyo. Na kama laptopu yako iko na Optimus, ile ya tangu 2010 ambayo picha inapitia Intel, wewe ni mwenye bahati: karte ikilala, ungali unaona, unaweza kurudisha faili kwa nvflash ukiwa umekaa.

Ikishindikana yote, inabaki programa ya CH341A na kipini cha kushika miguu nane. Hapa tena mafunzo yananyamaza pahali pabaya. Chipu zingine zinakula volti 3.3, zingine 1.8. Ile CH341A nyeusi ya bei rahisi inajulikana kwa kutuma volti 5 ku njia za data. Soma jina la chipu mpaka herufi ya mwisho: W25Q64FV ni ya 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8, herufi moja tu. Kisha soma faili mara mbili na uzilinganishe. Zikitofautiana, ao zikijaa FF tupu, kipini hakijashika vizuri, usiandike kitu. Faili nzuri ya vBIOS ina 55 AA karibu na mwanzo wake.

Juu ya karte za Pascal za 2016 na zilizofuata, sina mengi: zinakagua saini ya vBIOS, faili uliyoibadilisha mara nyingi haitakubaliwa. Video isiyosema hilo, ifunge.

Kwa wale wa promosiyo zetu wanaotengeneza haya mafunzo, na ninawajua wako wazuri, ninaomba moja. Mutufanyie filme inayoanza na ekrani nyeusi. Mutuonyeshe faili ya asili ikitolewa kwanza, ikipewa jina la mashini na tarehe, ikiwekwa ku kle USB iliyo inje ya mashini ile. Mutuonyeshe pia batri. Wa Ulaya wanasema "chomeka chaja" na wanaendelea. Huku moto unakatika bila hodi, na laptopu ya occasion mara nyingi inafika na batri isiyoshika hata dakika tano. Kwa hiyo chomoa chaja kwanza, hesabu dakika kumi, uone kama mashini ingali imewaka. Kama imezima, kuflashi ni kwa siku nyingine.