Gusa Ukuta, Tazama Paa: Namna ya Kumpima Msanifu Aliyejenga Kwao

Darasa hupimwa saa saba mchana. Ingia mwezi wa joto kali, watoto wamejaa kwenye madawati, ukae dakika arobaini kama wanavyokaa wao. Ukijikuta unautafuta mlango kwa macho, jengo limekwisha kujieleza, hata kama picha zake zimezunguka dunia nzima. Nimekaa kwenye madarasa mengi ya tofali la saruji na bati lisilo na dari, na najua jinsi mwalimu anavyoiacha sentensi katikati mvua inapoanza kupiga juu, kwa kuwa hasikiki tena.

Nalisema hili mapema kwa sababu msanifu majengo aliyerudi kujenga kwao hupimwa kwa huruma. Ni mtoto wa nyumbani, kijiji kinashangilia, wageni wanapiga picha, na nani atakuwa wa kwanza kusema paa linavuja? Huruma hiyo inawapunja wanaokaa ndani. Hapo ndipo jicho linatakiwa kuwa kali zaidi, na mfano ninaoutumia kulinoa ni Gando, Burkina Faso, kwa sababu unaustahimili ukali huo.

Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando mwaka 1965, mtoto wa mkuu wa kijiji. Kwao hakukuwa na shule, hivyo akiwa na miaka saba alipelekwa Tenkodogo kusoma. Amesimulia kwamba kila alipoaga, wanawake wa kijiji walitoa senti yao ya mwisho kutoka kwenye nguo zao wakampa. Sisi tuliokulia karibu na mama wanaofunga fedha kwenye pindo la kanga tunaijua senti hiyo ina uzito gani. Mama yake alimweleza kwamba wanachangia elimu yake ili siku moja arudi kuwafaa. Mwaka 1985 akaenda Ujerumani kwa ufadhili wa kusomea useremala, baadaye akaingia usanifu majengo chuo kikuu Berlin. Mwaka 1998, angali mwanafunzi, alianzisha shirika la kuchangisha fedha za shule ya Gando. Shule ikakamilika mwaka 2001, miaka mitatu kabla hajahitimu.

Anza kulitazama jengo juu. Watu wengi huanza na sura ya mbele, rangi na madirisha, na mimi huko sikai sana. Paa ndilo linaloamua maisha ya ndani. Pwani tuna ugomvi wa zamani kati ya makuti na bati: makuti yanapumua na nyumba inakuwa baridi, lakini baada ya miaka michache lazima uezeke upya; bati linadumu, lakini linakuoka. Pale Gando bati limeinuliwa juu kabisa, likakaa kwenye kenchi nyepesi za nondo. Chini yake, kwa nafasi ya kutosha, kuna dari la matofali yaliyopangwa yakiachiana mianya. Hewa ya moto ya darasani inapanda na kupenya kwenye mianya ile, upepo unaopita kati ya dari na bati unaichukua. Jua linapiga bati, na joto lake linaishia kwenye uwazi ule. Dari hilohilo linakata mlio wa mvua. Kisha bati limetokeza mbali nje ya kuta, upenu mpana unaoukinga udongo na maji. Umeme hauhitajiki popote katika kazi hiyo.

Ukiwa bado unatazama juu, jiulize nani ataitengeneza kenchi ile ikipinda. Kéré alichagua nondo za kawaida, zile za duka lolote la vifaa vya ujenzi, kwa kuwa kreni isingefika Gando. Wanakijiji walifundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Kwangu hiki ni kipimo kikubwa kuliko uzuri wa umbo: kipuri kinapatikana wapi, na mkono wa kukifunga unakaa umbali gani.

Sasa gusa ukuta. Matofali ya Gando ni udongo wa palepale ulioshindiliwa kwenye mashine ya kufyatulia, ukaongezwa saruji kidogo. Kwa ukuta wa namna hii pitisha kucha juu yake. Unga ukishuka, mchanganyiko ulikuwa dhaifu au tofali halikukaushwa ipasavyo. Tazama sehemu ya chini, kiasi cha goti, ambako matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini na kula ukuta polepole. Tazama pembe, maana ndizo zinazomong'onyoka mwanzo. Wanakijiji wenyewe walikuwa na mashaka, kwa vile nyumba za udongo walizozijua hazikuhimili masika. Mashaka hayo yalikuwa na haki. Hata huku kwetu nyumba ya kukandika imehesabiwa alama ya umaskini, na msanifu anayetaka watu waupende tena udongo anawajibika kuwaonyesha kwamba hautawaangukia. Kéré aliwajengea kipande cha kuba cha majaribio, na watu wakapanda kusimama juu yake.

Pambo lipime kwa kazi yake. Kwenye dari la maktaba ya Gando kuna matundu mengi ya mviringo yanayoshusha mwanga. Wanawake waliileta mitungi yao ya udongo, ikakatwa, ikapangwa kwenye fomu kabla zege halijamwagwa. Kila mtungi uliacha tundu linaloingiza mwanga na kutoa hewa ya moto. Nimeona mitungi ikitundikwa kwenye kumbi za hoteli kuwakumbusha wageni kwamba wako Afrika. Tofauti ni kubwa: ukiuondoa mtungi wa hoteli, chumba kinabaki vilevile, ukiyaziba matundu ya Gando, msomaji atakosa mwanga na pumzi.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hukisahau, nacho ni kumfuata msanifu mbali na kwao. Anayekariri huhamisha umbo. Aliyeelewa hujiuliza upya. Kando ya Ziwa Turkana, Kenya, Kéré alijenga kituo cha kufundishia vijana teknolojia ya habari, kilichokamilika mwaka 2021. Hapo utaona minara mirefu iliyofuata vichuguu vya mchwa wa eneo lile. Minara inavuta hewa ya moto juu, na matundu ya chini yanaingiza hewa safi. Swali ni lilelile la joto, jibu limechotwa kwenye ardhi nyingine. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Tuzo ni habari njema, ila usiiweke kwenye mizani unapokagua jengo.

Weka badala yake yaliyotokea baada ya sherehe. Shule iliyokuwa na watoto 120 ilifikia 700. Nyumba za walimu zilijengwa, madarasa yakaongezwa mwaka 2008 yakiwa na dari la kuba, maana yake msanifu alirudi kuiboresha kazi yake mwenyewe. Vijiji viwili jirani vilijijengea shule kwa ushirika huohuo, na vijana waliojifunza ufundi Gando wakaajiriwa kwenye miradi ya umma.

Kwa hiyo nikifika kwenye jengo la namna hii, nikishakaa darasani na kukwaruza ukuta, simwulizi mtu habari za msanifu. Naulizia fundi wa kijijini aliyefyatua matofali au kuchomelea kenchi. Namwomba anieleze, kama lingejengwa tena kesho, yeye angebadilisha nini. Akianza kunionyesha kwa kidole, hapa na pale, bila kusita, nafungua daftari.