Rosalind Franklin na Ufundi wa Kusoma Makaa

Wengi wakisikia jina la mwanasayansi Rosalind Franklin hukumbuka DNA. Mimi humkumbuka kwa makaa ya mawe, kwani huko ndiko ninakouona mkono wa fundi ukifanya kazi bila msaada wa umbo zuri kama la DNA.

Alianza mwaka 1942, vita vikiendelea, katika chama cha Uingereza cha utafiti wa matumizi ya makaa. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alitaka kujua vinyweleo vya makaa vina upana gani, navyo ni vidogo mno kuonekana kwa jicho. Basi akapima densiti ya makaa yaleyale kwa kuyapenyeza heliamu, ambayo atomu yake ni ndogo sana, kisha kwa vimiminika vyenye molekuli kubwa zaidi. Majibu hayakulingana. Mwenye haraka angesema kipimo kimekosewa. Franklin aliona kwamba molekuli kubwa zilikwamia mlangoni, na tofauti ya majibu ikawa ndiyo njia ya kukadiria upana wa mlango.

Mwaka 1947 alihamia Paris, ambako Jacques Mering alimfundisha kutumia eksirei kwa vitu visivyo na mpangilio kamili. Fuwele nzuri hutoa alama kali katika picha. Mkaa hutoa ukungu. Ni rahisi kuukatia tamaa ukungu. Yeye aliupima hatua kwa hatua, akaukokotoa, na mwaka 1950 akachapisha hesabu ya mkaa uliotokana na aina moja ya plastiki: asilimia 65 hivi ya kaboni yake imo katika vitabaka bapa kama vya grafaiti, vyenye upana wa nanometa 1.6 tu, na iliyobaki haina mpangilio. Takwimu hiyo ilitoka kwenye picha ambayo wewe na mimi tungeiona imeharibika!

Mwaka uliofuata akatoa matokeo ya kupasha joto kaboni za asili mbalimbali hadi nyuzi 3000 za selsiasi. Zikagawanyika koo mbili. Za ukoo wa kwanza hujipanga zikawa grafaiti. Za ukoo wa pili hukataa, hata kwa moto huo. Sababu iko mapema, joto likiwa bado la chini. Makaa yanayolainika yakiokwa huacha vitabaka vyake visogee na kulala sambamba. Makaa machanga ya kahawia, yenye oksijeni nyingi, hufunga viungo vya kukingama kati ya vitabaka kabla havijajipanga, kama karata zilizomwagika zikagandishwa na gundi kabla ya mtu kuzikusanya.

Hapo ndipo anayegeuza makaa kuwa gesi anapopata faida. Atomu ya kaboni iliyo katikati ya kitabaka imeshikwa na majirani watatu, haina nafasi. Ya ukingoni ina mkono mtupu, na ndiyo inayoshambuliwa upesi na mvuke wa maji au kaboni dioksidi. Mkaa wenye vitabaka vidogo vilivyopindapinda una kingo nyingi na vinyweleo vya kuipitisha gesi, kwa hiyo huliwa haraka. Ukiokwa kwa joto kali zaidi au kwa muda mrefu, vitabaka hukua, kingo hupungua, na mkaa huwa mzito kuitikia ingawa bado ni kaboni ileile. Tusiupe muundo sifa zote, hata hivyo: kalsiamu, potasiamu na sodiamu zilizomo katika makaa nazo huchochea mmenyuko, na mara nyingine huufunika kabisa mchango wa vitabaka.

Mkaa wa miti tunaoununua kwa debe nao ni wa ukoo wa pili. Haugeuki grafaiti, na uwazi wa muundo wake ni sababu mojawapo ya kushika moto upesi jikoni.

Franklin aliondoka Paris akaanza kazi King's College London mwaka 1951, na alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Mgawanyo wake wa kaboni zinazogeuka grafaiti na zisizogeuka unatumika hadi leo, na hizo zisizogeuka ndizo zinazotumika sana upande hasi wa betri za sodiamu.