Msonge Usiokaliwa: Ujenzi wa Jadi katika Makumbusho ya Kitale

Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 yakiwa ya kwanza kati ya makumbusho ya bara nchini Kenya, yalirithi wadudu, ndege na vitabu vya Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926 na kuyaachia taifa mali hiyo kwa wosia alipofariki mwaka 1966. Nje ya jengo, hata hivyo, zimejengwa boma za jadi za jamii za magharibi mwa Kenya, na hizo ndizo zenye mafunzo mengi zaidi kwa anayechunguza ufundi.

Msonge, yaani nyumba ya duara yenye paa la umbo la pia, husimama juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, ambazo huchaguliwa katika miti isiyoliwa upesi na mchwa, kama ule ambao Waluhya huuita lusiola na Wajaluo huuita siala. Fito hufungwa pande zote mbili za nguzo hizo, udongo uliokandwa kwa maji hushindiliwa katikati, kisha ukuta husiribwa, yaani hupakwa tabaka laini la udongo na samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake hupunguza nyufa udongo unapokauka. Nyasi za paa hazizuii maji kwa asili yake. Kinachozuia ni unene wa matabaka pamoja na mwinamo mkali unaoyateremsha maji kabla hayajapenya, huku upenu mpana ukiyatupa mbali na ukuta, ambao ungemomonyoka mara moja katika eneo hili linalopata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka.

Kwa kulinganisha, huko Iceland, ambako nyumba za kale zilijengwa kwa mapande ya ardhi yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake, kama zile zilizohifadhiwa Glaumbær, mwinamo hufuata hesabu nyingine: paa likilala mno huvuja, na likisimama mno hukauka, likapasuka na kuvuja vilevile.

Kiungo ambacho maonyesho hukikosa kwa urahisi ni moto. Moshi wa mafiga, usio na bomba la kutokea, hupenya nyasi polepole, ukazikausha, ukawafukuza wadudu na kuacha masizi yanayozilinda fito. Kwa hiyo msonge usiopikiwa ndani huoza mapema kuliko unaokaliwa, hata ukiwa umejengwa na fundi yuleyule. (Afya ya macho na mapafu ya mpishi ni hesabu nyingine, nayo si ndogo.)

Katika vijiji vya Bungoma, ambako malisho mengi yamegeuzwa mashamba ya mahindi na miwa, nyasi za kuezekea zimekuwa adimu na mabati yamechukua nafasi yake, lakini kuta za udongo zingali zikisiribwa upya, hasa Krismasi inapokaribia. Ujuzi wa ukuta, basi, bado una walimu vijijini. Unaopotea ni wa paa. Ingefaa moto uwashwe ndani ya nyumba za boma za Kitale mara kwa mara chini ya uangalizi, na kila paa linapochakaa liezekwe hadharani na wazee wanaoujua ufundi huo, wanafunzi wa Kitale na Bungoma wakiwa wameshika nyasi na kamba.